Paa Lililongoja Kusi: Wasifu wa Mzee Absalom Kenga

Jumamosi tarehe 30 Julai 1949, Mzee Absalom Kenga Thoya, msimamizi wa majengo wa Hospitali ya Misheni ya Bethania hapa Shanzu, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na minane kasoro siku mbili. Hizo siku mbili Kamati ya Majengo imemsamehe. Kwa haki angestaafu Desemba iliyopita, na mbuzi wa karamu alikuwa amekwisha nunuliwa. Sherehe ikaahirishwa, mbuzi akaendelea kula nyasi zetu, na sasa ana watoto wawili. Aliyeiahirisha ni Mzee mwenyewe. Aliomba abaki mpaka paa la wodi mpya ya akina mama lipite Kusi moja mbele ya macho yake, na akasema kwamba paa hilo likiruka, asiagwe na mtu, ataondoka tu. Wasifu huu ni wa miaka yake yote, lakini msomaji atanisamehe nikikaa muda mrefu chini ya paa hilo.

Mimi ninayeandika ni Justus Musyoka, karani wa stoo. Nilikuja hapa mwaka 1932 kutoka Kitui, nikiwa na sanduku moja na Kiswahili ambacho Mzee Kenga alisema kinahitaji kuezekwa upya. Nimefanya kazi naye miaka kumi na saba, tumegombana karibu kila mwezi juu ya misumari, na sijapata kumshinda.

Alianza tarehe 1 Agosti 1921, mtu mzima wa miaka thelathini kutoka Junda, mwenye mke na shamba la muhogo. Siku hizo Bethania ilikuwa chumba kimoja cha udongo, na daktari aliwatazama wagonjwa nje chini ya turubai. Kenga aliajiriwa kubeba mawe. Aliyabeba miaka miwili, akajifunza kuchoma chokaa, akajifunza kupima kuta kwa timazi, na jioni akajifunza kusoma kwa mwalimu wa Misheni, Kiswahili kwanza kisha Kiingereza. Mwaka 1926 alifanywa nyapara wa wajenzi, na mwaka 1930 msimamizi wa majengo. Kanisa, tangi la maji ya mvua, nyumba za wauguzi, wodi ya wanaume na jiko, vyote vimepita mikononi mwake. Hakuna mlango hapa ambao hajaulaumu.

Wasiokaa Shanzu wanadhani upepo wa pwani ni wa kupunga. Sisi tuko juu ya mwinuko na bahari iko mbele yetu, na wakingaji wetu ni minazi, ambayo kazi yake kubwa ni kuinama. Kuanzia Novemba mpaka Machi tuna Kaskazi, upepo mkavu wenye adabu zake. Kisha upepo hugeuka. Kusi huingia na masika mgongoni, na ikifika Mei hutafuta kila msumari uliopigwa kwa uvivu. Paa lisilofungwa vizuri huondoka, na wagonjwa hubaki wakitazamana na mbingu.

Kwa hiyo kumwajiri fundi wa kuezeka hapa si jambo la kuuliza bei na kupeana mikono. Mzee Kenga alikuwa na njia yake. Fundi akija na maneno matamu, Mzee humsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza ameezeka nyumba zipi, kisha hupanda baiskeli akaenda kuzitafuta. Akifika hazungumzi na baba mwenye nyumba, maana mwanamume aliyekwisha lipa hapendi kukiri kwamba amelipia bure. Hupiga hodi uani, akasalimu kwa utimilifu, akauliza hali za watoto na za kuku, na mwisho kabisa akauliza: “Mama, mvua ikinyesha, hutega sufuria ngapi?” Mama mmoja wa huko Mtwapa alimjibu kwamba sufuria zilikwisha mwaka juzi, sasa anakinga kwa ndoo aliyoazima kanisani. Fundi aliyeezeka nyumba hiyo bado anangoja barua yetu.

Mwaka 1936 alikuja mkandarasi kutoka mjini, amevaa suti na viatu vya rangi mbili, na barua tatu zenye mihuri. Mzee alizisoma zote, akazisifu, akamwomba wapande pamoja juu ya paa la kanisa watazame kazi iliyopo. Mkandarasi alifika kidato cha nne cha ngazi, upepo ukamvuta koti, akakumbuka kwamba ana miadi mjini. Viatu vyake vilipendeza sana vikiondoka.

Tena kuna ile tufani ya mwaka 1944 iliyoezua nyumba nyingi upande wetu. Siku ya pili tu walifika mafundi wasiojulikana, ngazi begani, wakienda mlango kwa mlango na kutaka walipwe kwanza ndipo wakanunue makuti. Mzee Kenga alisimama langoni pa hospitali siku mbili akiwaambia watu wamuulize kila fundi jirani yake ni nani. “Fundi asiye na jirani,” alisema, “paa likivuja utamlilia nani?” Waliomsikia waliezeka kwa mafundi wa kwao, wakangoja wiki tatu. Wasiomsikia wanangoja mpaka leo.

Wauguzi watamkumbuka kwa chaki. Aliyelalamika kwamba wodi inavuja hakupewa pole, alipewa kipande cha chaki achore duara mahali tone linapoanguka, ili fundi ajue pa kuanzia. Masika moja sakafu ilijaa maduara, na Muuguzi Mkuu Rosalia, ambaye hana mchezo hata kidogo, alionekana akiruka kutoka duara hadi duara na bakuli la uji mkononi.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu iliishia hapo, pamoja na shukrani. Nilimpelekea Mzee aipitie. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akanirudishia. “Justus, umejenga nyumba nzuri,” aliniambia, “lakini hujaezeka.” Nilijua anachotaka kiandikwe. Sikutaka kukiandika siku ya kumuaga mtu, na pia, niseme kweli, katika habari hiyo na mimi nimo. Lakini amesisitiza, na bado ni mkubwa wangu mpaka Jumamosi saa sita.

Mwishoni mwa mwaka 1939 Misheni ilituletea mabati ya wodi ya akina mama. Yalikuwa mabati ya kwanza hapa Bethania; kabla ya hapo yote yalikuwa makuti. Mzee alitafuta fundi kwa ile njia yake ya uani, akampata Mwarandu, mtu aliyekuwa ameezeka maduka kadhaa huko Changamwe. Wanawake watatu, katika nyumba tatu mbalimbali, walikuwa wamesema kwamba chini ya paa la Mwarandu hawategi chochote.

Januari 1940 Mwarandu alipanda, akaanza kupigilia mabati kutoka upande wa kaskazini. Mzee alikuwa chini na kitabu kidogo cha Kiingereza juu ya kuezeka kwa mabati, alicholetewa na Misheni, naye ndiye pekee kati ya wajenzi wote aliyeweza kukisoma. Kitabu kilisema kweli tupu: bati hulalia bati, na ukingo wa lile la juu lazima uupe upepo mgongo, ili upepo upite juu yake usiingie chini. Mzee alilowesha kidole akakiinua. Upepo ulikuwa unatoka kaskazini. Kingo za mabati zilikuwa zinautazama uso kwa uso. Akaamuru mabati manne yaliyokwisha pigiliwa yang’olewe, na kazi ianzie upande wa kusini.

Mwarandu alishuka ngazi. Wasaidizi walikuwa wamekwenda kula, kwa hiyo walibaki wawili tu, yeye na Mzee.

“Mzee, huyu Kaskazi ni mgeni,” alisema Mwarandu. “Mwenye nyumba ni Kusi.”

“Aliyekuajiri ni mimi,” alijibu Mzee Kenga, “na kitabu ninacho mimi.”

Mwarandu alirudi kwenye ngazi. Alipanda, akang’oa, akaanza upya kama alivyoambiwa.

Kosa hilo huwezi kulifanya mahali penye upepo mmoja. Kitabu kilisema upepo, hakikusema upepo wa mwezi gani, kwa kuwa aliyekiandika alikaa nchi nyingine yenye pepo nyingine. Na aliyekisoma alikuwa mtoto wa Junda, aliyekulia katika pepo zote mbili, lakini alikuwa amezoea makuti, ambayo hupangwa kutoka chini kwenda juu na hayajali sana upepo unatoka upande gani. Tena alikuwa na fahari ya kusoma. Hilo la fahari ni neno lake, si langu.

Mei mwaka huohuo, saa nne asubuhi, Kusi uliingia chini ya kingo, ambazo sasa zilitazama kusini, ukaanza kufungua. Mabati kumi na tisa yaliruka. Moja tulilikuta katika muhogo wa jirani, jingine halijaonekana mpaka leo. Hakuna aliyekufa, Mungu ashukuriwe. Mama mmoja alivunjika mkono, na wagonjwa wote walibebwa kanisani juu ya vitanda vyao, mvua ikiwapiga.

Kamati ya Majengo ilikaa wiki hiyohiyo. Mchungaji, mwenyekiti wetu, alimuuliza msimamizi ni nani aliyeyapanga mabati. Mzee Kenga alijibu kwamba aliyeyapanga ni Mwarandu. Jibu hilo lilikuwa kweli kabisa, na ndiyo sababu hakuna aliyeuliza la pili. Mwarandu hakuitwa kujieleza. Jina lake lilifutwa katika kazi zote za Misheni, makanisa na shule pia, na habari ya fundi aliyeezua hospitali ilivuka daraja la Nyali ikafika mjini kabla yake. Vita vilikuwa vimekwisha anza, mabati yakaadimika. Wodi ya akina mama ikarudi kwenye makuti, na chini ya makuti hayo yanayovuja watoto wa Bethania walizaliwa kwa zaidi ya miaka minane.

Hapa naingia mimi. Mimi ndiye niliyeanzisha ule msemo ambao kila mtu hapa ameutumia. Mlango ukikwama, uji ukiungua, fundo la bendeji likifunguka, tulisema ni kazi ya Mwarandu. Niliusema mara ya kwanza barazani siku ya kliniki, wanawake wakacheka sana, nikajiona hodari wa Kiswahili. Ukasambaa. Mzee Kenga alikuwa akiusikia mara kumi kwa siku na hakuwahi kucheka. Nilidhani ni kwa sababu hapendi mizaha ya watu wa bara.

Mwarandu aliacha ufundi. Alihamia Mikindani, akapata kazi ya kupakia na kupakua mizigo bandarini.

Septemba 1948 Misheni ilipata mabati tena, ya wodi mpya ya akina mama. Mzee alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu. Kamati ilimwomba ataje mkandarasi, nami nilikuwa na jina la kampuni moja ya mjini yenye barua nzuri. Mzee akasema fundi ni Mwarandu. Watu walicheka, wakidhani kwa mara ya kwanza maishani mwake amefanya mzaha. Mimi nikauliza kwa sauti kama tunampa mabati ili atupeperushie tena. Ndipo Mzee akasimama akaeleza habari yote, kidole, kitabu na yale mabati manne, kama nilivyoieleza hapa. Alipomaliza, Mchungaji aliuliza kwa nini hakusema wakati ule. Mzee alijibu kwamba aliogopa kurudi kubeba mawe.

Hata hivyo Kamati ilisita. Mwarandu alikuwa hajashika nyundo miaka minane. Ndipo Mzee akatoa ile ahadi: atabaki mpaka paa lipite Kusi, na likiruka asiagwe. Aliongeza kwamba ikiwa Kamati inataka kuiandika katika kumbukumbu zake, iandike kwa wino. Ikaandikwa.

Tulikwenda Mikindani wawili, yeye na mimi. Mwarandu alitupokea kwa heshima, akatupa viti, mkewe akatuletea maji ya kunywa. Mzee alisema yote, bila kujitetea, akaomba radhi. Mwarandu alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

“Nimekusikia, kaka,” alisema. “Lakini jina langu halikuharibikia katika kamati. Liliharibikia barazani, kwa wale mama wa kliniki. Kaseme huko.” Kisha akanitazama mimi. “Na huyu ndiye Musyoka?”

Nilijibu kwamba ndimi. Siku hiyo nilitamani kuwa mtu mwingine yeyote.

Ijumaa iliyofuata, siku ya kliniki, baraza ilikuwa imejaa mpaka ngazini. Mzee Kenga, mtu wa miaka hamsini na saba, mzee wa kanisa, alisimama mbele ya wanawake wasiopungua themanini na watoto wao, akasema kwamba paa la mwaka 1940 liliruka kwa amri yake, kwamba fundi alimwonya, na kwamba yeye alinyamaza watu wakachafua jina la mtu asiye na hatia. Nilisimama kando yake nikasema kwamba ule msemo ni wangu na kwamba ni wa uongo. Mama mmoja mwenye pacha mgongoni na kifuani ndiye aliyetuokoa. “Haya baba, tumesikia,” alisema. “Sasa hiyo wodi itaezekwa lini?”

Mwarandu alikuwa nyuma kabisa ya umati, amesimama karibu na tangi. Hakuna aliyemwona akifika. Aliondoka bila kumsalimu mtu, na Jumatatu alirudi na mfuko wa nyundo.

Alitoa sharti moja. Yeye akiwa juu, Mzee awe chini, ashike ngazi, na awe kimya. Mzee alikubali.

Kuta zilimalizika Desemba, na paa likaanza Januari, katika Kaskazi, majira yaleyale ya mwaka ule. Mwarandu alianza tena upande wa kaskazini. Miaka ya bandarini haikuwa imepotea bure: alikuwa ameona jinsi mizigo inavyofungwa melini ili isihame bahari ikichafuka, na alikuja na mikanda ya chuma iliyotoka kwenye makasha yaliyovunjika. Kwa mikanda hiyo alifunga kila boriti ya paa na gogo linalolala juu ya ukuta, na gogo lenyewe akalifunga ndani ya ukuta. Sijawahi kutoa misumari mingi kiasi hicho, wala sikubisha.

Kaskazi ulivuma, na kwa kuwa kingo za mabati zilikuwa zinautazama, zilianza kupigapiga. Rosalia aliripoti kwamba wodi inalia mchana kutwa. Mjumbe mmoja wa Kamati aliandika barua akitaka mabati yageuzwe kabla mambo hayajaharibika. Kila mtu alimtazama Mzee, na Mzee alishika ngazi. Alasiri moja upepo ulizidi, nikamwona amelowesha kidole na kukiinua, mdomo umeanza kufunguka. Alikitazama kidole chake, akakishusha, akakitia mfukoni. Kamati aliijibu kwa maneno mawili tu, ngojeni Mei. Wanaomjua watakubali kwamba kunyamaza wiki tatu kulimgharimu kuliko kujenga kanisa.

Akina mama waliingia wodini mwezi wa Februari. Machi upepo ukageuka, na kupigapiga kukakoma siku hiyohiyo. Lakini Kusi wenyewe ulikuwa bado haujaja kwa nguvu. Mkewe, Mama Mbeyu, aliniambia kwamba wiki hizo alikuwa akikiacha chakula nusu.

Jumanne tarehe 17 Mei ulikuja. Ulianza alfajiri, na kufikia saa tatu tulikuwa hatusikilizani. Makuti ya jiko yaliondoka kwanza. Banda la seremala likafuata, lote kwa mkupuo mmoja. Mti wa mkanju nyuma ya nyumba za wauguzi uling’oka na mizizi. Katika wodi ya akina mama walikuwamo mama kumi na mmoja. Mzee Kenga aliingia saa mbili asubuhi, akasimama katikati, akaweka kiganja ukutani, akakaa hivyo. Nilikuwa mlangoni. Mvua juu ya mabati ilikuwa na kishindo cha kutisha, na kila upepo ulipogonga niliona mabega yake yakipanda. Rosalia alimwomba aketi, hakuketi. Saa sita wakati wa kugawa chakula mama mmoja hakuamka kwa uji, tukaogopa, kumbe amelala. Alikuwa amelala tangu asubuhi. Mzee alimtazama mama huyo kwa muda mrefu.

Saa tisa alasiri mlango ulifunguliwa akaingia Mwarandu, amelowa hadi mifupa. Alikuwa ameuona upepo huko Mikindani, akaacha kwenda zamu yake bandarini, akaja kwa basi mpaka mjini na kwa miguu kutoka hapo. Alitembea wodi nzima akitazama juu, kona kwa kona, kisha akaenda kusimama karibu na Mzee. Walisimama hivyo mpaka saa kumi na moja, upepo ulipoanza kuchoka. Hakuna bati lililoinuka. Hakuna tone lililoanguka. Chaki ilibaki mfukoni mwa Rosalia.

Usiku huo Mwarandu alilala Junda, nyumbani kwa Mzee na Mama Mbeyu. Asubuhi yeye na Mzee walirudi pamoja, Kusi bado unavuma lakini bila hasira. Mwarandu alipanda na nyundo, akagonga kila msumari kutoka mwanzo wa paa mpaka mwisho, Mzee akiwa chini ameshika ngazi, kimya, kama walivyokubaliana. Ilichukua zaidi ya saa moja. Kisha alishuka. Akaitia nyundo katika mfuko, akaizungukia ngazi upande wa pili, akaishika kwa mikono yote miwili.

“Panda, kaka,” alisema. “Leo nashika mimi.”

Mzee Kenga alipanda. Tulimwona akifika juu, akiketi kwenye kilele cha paa na uso wake kuelekea kusini, akipitisha kiganja juu ya mabati, ukingo baada ya ukingo. Alikaa huko muda mrefu. Aliposhuka alikuwa analia waziwazi, na sisi sote tukapata ghafla jambo la kutazama mahali pengine. Mwarandu hakumwambia kwamba amemsamehe. Alimuuliza kama Mama Mbeyu atapika tena uji ule wa asubuhi. Nami nilimwomba radhi pale pale, mbele ya wajenzi, naye akaniagiza nimletee msumari mmoja wa akiba, akaondoka nao, nami sikumdai sahihi.

Tangu siku hiyo Mzee alikuwa huru kuondoka. Kamati ilimwomba akae mpaka Julai amwelekeze atakayeshika nafasi yake, na sina siri, anayeshika nafasi hiyo kuanzia Jumatatu ni Mwarandu. Aliyependekeza ni Mchungaji, aliyeunga mkono ni karani wa stoo. Mzee alijizuia kupiga kura, akisema amekwisha sema ya kutosha juu ya mtu huyo katika kamati hii.

Kwa niaba ya madaktari, wauguzi, wajenzi, wapishi na wagonjwa wa Bethania, tunakushukuru, Mzee Absalom Kenga. Asante kwa mawe uliyoyabeba na kwa watu uliotufundisha kuwauliza. Asante pia kwa kunirudishia rasimu. Ningekuaga kama mtu asiyewahi kukosea, na nusu ya watu watakaosoma karatasi hii wasingejifunza kitu.

Mama Mbeyu ametuomba jambo moja, nasi tumemwahidi. Anasema kwamba tangu mwaka 1940, kila Kusi ukigonga dirisha huko Junda, mumewe huamka, huketi kitandani, na hasinzii tena mpaka kuche. Basi, Mzee wetu, nenda nyumbani kwa heri, Mungu akupe siku nyingi na afya na wajukuu wasiosikia la mtu. Na upepo ukivuma, geukia upande wa pili ulale. Kuamka ni kazi yetu sasa.